Kijana wa Turkana na futi ya fundi: watoto wetu katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi

Watoto wetu watatu wanasomea nyumbani, na kabla ya kuwapeleka Makumbusho ya Taifa, Nairobi, tulikuwa tumetumia majuma matatu kusoma habari za asili ya binadamu. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaofundisha nyumbani, kwa kuwa naamini jumba hili lina chumba kimoja kinachostahili safari nzima, hata kama hamtaona kitu kingine chochote siku hiyo.

Tulifika saa nane mchana siku ya Jumatano, wakati makundi ya shule yalikuwa yakiondoka. Ndege na wanyama tuliwapita upesi, ingawa kifungua mimba wetu alisimama kidogo uani kwenye sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta, kisha tukaelekea moja kwa moja kwenye ukumbi wa asili ya binadamu.

Ndani ya ukumbi huo kuna chumba kinacholindwa, na humo ndimo ilimo mifupa ya Kijana wa Turkana, mtoto wa kiume aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Aligunduliwa mwaka 1984 karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa mtafutaji wa mabaki ya kale ya binadamu, ambaye siku hiyo ya mapumziko alitoka kambini kutembea na akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto zilizokaribia kufanana nacho kwa rangi. Niliwaeleza watoto kwamba Kimeu alianza kazi hiyo mwaka 1960 akiwa kibarua kule Olduvai, bonde la Tanzania linalochimbwa mabaki ya kale, na kwamba macho yake yalinolewa na miaka mingi ya kutazama ardhi kwa subira. Kwa watoto wasiokaa darasani, sikupata mfano bora kuliko huo.

Binti yetu wa miaka tisa alitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Mama, mbona hana vidole?" Mwelekezi aliinama hadi usawa wake na kumjibu bila haraka kwamba mwili ulilala penye maji na tope, wanyama wakaukanyaga, na mifupa midogo ya mikono na miguu ikapotea karibu yote. Kisha akamwonyesha taya na kumweleza kuwa wataalamu hukadiria umri kwa meno, na kwamba kwa hesabu ya meno kijana huyu huenda alikuwa na miaka minane au tisa tu, ilhali urefu wake ulikaribia sentimita 160. Binti yangu akagusa meno yake mwenyewe kwa ulimi. Tulipotoka nje nilitoa futi ya fundi cherehani niliyokuwa nimeibeba mkobani, tukampima: sentimita 131. Pengo hilo la sentimita 29 limetupatia somo la wiki nzima kuhusu ukuaji wa mwili.

Nausifu utulivu wa mwelekezi huyo kwa dhati, kwa sababu mwaka jana, katika jumba jingine la makumbusho, tulikimbizwa kutoka kabati hadi kabati mpaka mdogo wao akalia, na tulirudi nyumbani bila kukumbuka lolote.

Saa iliyobaki tuliitumia kwenye ukumbi unaoonyesha mapito ya maisha katika jamii za Kenya, tangu kuzaliwa hadi kuingia katika safu ya wazee na mababu. Hapa nashauri mzazi aongoze mwenyewe, kwa kuwa vitu hivi vina wenyewe nyumbani. Mbele ya vibuyu, mume wangu aliwasimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akikisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, na mara watoto wakaacha kusoma maandishi ukutani na kuanza kumuuliza yeye. Picha za watu wa jamii mbalimbali zilizochorwa na Joy Adamson nazo zinafaa kutazamwa polepole. Kila mtoto wetu alichagua pambo moja la sikio au la shingo na kulichora daftarini.

Bebeni penseli, daftari na futi, na tengeni angalau saa moja kwa ajili ya kile chumba. Sisi tutarudi mwezi ujao, kwa kuwa mdogo wao sasa anataka kujua fuvu lililo jirani na lile la Kijana wa Turkana lilikuwa la nani.