Midoli Inayoingia Ndani ya Gemu: Ipi Ununue Kwanza na Ipi Uiache

Kuanzia Oktoba 2011, na kwa muda wa miaka sita hivi, maduka ya Marekani na Ulaya yalijaza rafu nzima midoli ya plastiki ambayo kazi yake haikuishia sakafuni. Mtoto aliuweka mdoli juu ya kisahani kilichounganishwa na mashine ya gemu, na papo hapo mdoli uleule ukaonekana kwenye televisheni ukitembea, ukirukaruka na kupigana. Wimbi hilo limekwisha. Kampuni kubwa zilizolianzisha ziliacha kutoa midoli mipya moja baada ya nyingine, na leo sehemu kubwa ya kinachouzwa ni mtumba, kiwe kimefika ndani ya katoni iliyofungwa vizuri au ndani ya mfuko wa plastiki wenye midoli ishirini isiyo na mwenyewe.

Hilo linabadilisha kabisa namna ya kuchagua. Aliyenunua mwaka 2014 alijiuliza ni mhusika gani mtoto wake anampenda, ilhali anayenunua sasa anapaswa kujiuliza kama seti iliyo mbele yake inajitosheleza, bila duka la kwenda kutafuta kilichopungua na bila kampuni ya kuitengeneza ikikwama. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, wala si kwa uzuri wa picha au umaarufu wa wahusika.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachofanyika pale juu ya kisahani. Ndani ya kitako cha kila mdoli mna chipu ndogo isiyo na betri, nayo hupata umeme wake kutoka kwenye mawimbi ya kisahani chenyewe, kiasi cha kutosha kujitambulisha na kubadilishana taarifa chache na gemu. Ndiyo maana mdoli uliotengenezwa mwaka 2011 na kukaa kabatini tangu wakati huo unaweza kufanya kazi leo kama ulivyofanya siku ya kwanza. Kisichoonekana kwa macho ni kwamba kuna vitu vitatu vinavyotegemeana kama mafiga: diski ya gemu, kisahani cha kusomea, na midoli. Kimoja kikikosekana, chungu hakikai. Nami nasema hivyo nikiwa nimewahi kulipia mfuko mzima wa midoli kwa furaha kubwa, kisha nikatumia miezi kadhaa kutafuta kisahani kinacholingana na mashine niliyokuwa nayo, huku midoli ikipamba dirisha.

Nafasi ya kwanza: Skylanders

Skylanders ya Activision, iliyobuniwa na studio ya Toys for Bob ya California, ndiyo iliyofungua mlango, na kwa mnunuzi wa mtumba bado ndiyo bora. Midoli yake ni mingi na migumu kuvunjika. Chipu zake huhifadhi kiwango cha mhusika na fedha alizokusanya ndani ya mdoli wenyewe, si ndani ya mashine, na kwa sababu hiyo mtoto anaweza kuubeba mdoli wake mfukoni, akaenda kwa rafiki mwenye mashine ya aina nyingine kabisa, na shujaa wake akaingia mchezoni na nguvu zake zote. Midoli ya mtumba nayo haileti shida, kwani ndani ya gemu kuna sehemu ya kufuta historia ya mmiliki wa kwanza na kuanza upya.

Kuna matoleo sita makuu: Spyro's Adventure la mwaka 2011, Giants la 2012, Swap Force la 2013, Trap Team la 2014, SuperChargers la 2015 na Imaginators la 2016. Kanuni ya kukumbuka ni moja: mdoli wa zamani huingia katika gemu mpya, lakini mdoli mpya hauingii katika gemu ya zamani. Rangi ya kitako hukusaidia kuutambua umri wa mdoli pale sokoni, kwa kuwa ya kwanza ina kitako cha kijani, ya Giants rangi ya chungwa, ya Swap Force buluu, na ya Trap Team nyekundu. Mtu akikuuzia diski ya Giants pamoja na midoli kumi ya vitako vyekundu, amekuuzia mapambo.

Mwenye mashine ya PS3, Xbox 360, Wii au Wii U ningemshauri aanze na Giants. Hadithi yake yote inamalizika kwa midoli mitatu iliyokuja na katoni, yaani Tree Rex, Jet-Vac na Cynder, na ukitaka kufungua milango yote ya pembeni unahitaji walau mdoli mmoja kwa kila asili kati ya nane: uchawi, maji, teknolojia, moto, ardhi, uhai, hewa na wafu. Midoli minane hivi inatosha kabisa, na ile ya mwaka 2011 inakubalika yote. Mwenye PS4 au Xbox One hawezi kurudi nyuma kiasi hicho, kwa hiyo aanze na Swap Force, ambamo midoli 16 maalumu hukatika kiunoni na kuunganishwa upya, kiwiliwili cha huyu na miguu ya yule, hata kupata michanganyiko 256. Watoto huufurahia mchezo huo wa kuunganisha hata televisheni ikiwa imezimwa, jambo ambalo mzazi mwenye kaya inayokatikiwa umeme ataliona kuwa faida.

Trap Team ni nzuri kuichezea na mbaya kuinunua. Milango yake ya pembeni hufunguka kwa midoli ya kundi moja tu, wale wanaoitwa Trap Masters, na kila adui unayetaka kumteka anahitaji kifaa cha plastiki cha asili yake, kinachochomekwa kwenye kisahani. Vifaa hivyo ni vidogo, hupotea haraka, na ndiyo vinavyokosekana karibu katika kila seti ya mtumba. Kuhusu SuperChargers, angalia kwa makini jina lililo kwenye kasha, kwa kuwa toleo la Wii na la 3DS, mashine ndogo ya mkononi, ni gemu ya mashindano ya magari peke yake na si ile ya mashine nyingine. Imaginators ina upekee wake: kwenye Nintendo Switch haihitaji kisahani, kwa sababu pedi yenyewe ya Switch, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, husoma mdoli. Kwa familia yenye Switch na midoli ya zamani, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Onyo la mwisho kuhusu Skylanders linahusu kisahani. Vya Xbox hufanya kazi na Xbox tu. Swap Force na Trap Team hazikubali visahani vya matoleo yaliyozitangulia, kwa hiyo usikubali hoja ya muuzaji kwamba vyote vinafanana. Visahani vya mwaka 2011 vya Wii na PS3 havikuwa na waya, bali vilitegemea kipokezi kidogo cha USB, na kipokezi hicho kikipotea kisahani hakina maana tena. Katoni mpya ya kuanzia ya mwaka 2011 iliuzwa Marekani kwa dola 69.99, kwa hiyo anayekutajia bei ya kukaribia hiyo kwa seti iliyotumika anakuchezea.

Nafasi ya pili: LEGO Dimensions

Kwa upande wa gemu yenyewe, bila kuhesabu matatizo ya ununuzi, LEGO Dimensions ya TT Games huenda ndiyo ningeiweka juu. Ilitoka Septemba 2015, ikiwa na Batman, Gandalf na Wyldstyle katika safari moja, na kisahani chake kina sehemu tatu zinazowaka rangi mbalimbali, hivi kwamba mchezaji hulazimika kuinua na kuhamisha midoli yake wakati mchezo ukiendelea ili kutegua mafumbo. Hakuna gemu nyingine katika kundi hili iliyoutumia mdoli kwa akili kiasi hicho. Kwingine, mdoli ukishawekwa husahauliwa hapo mpaka shujaa azidiwe nguvu.

Mnunuzi wa mtumba anapaswa kujua jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Kinachosomwa na gemu si yule mtu wa matofali madogo ya plastiki ya LEGO, bali kisahani kidogo cha duara anachosimamia. Batman asiye na mkono wala joho anafanya kazi kikamilifu mradi kiduara chake kipo, na Batman mzima asiye na kiduara ni tofali tu. Kwa hiyo hesabu viduara, usihesabu watu. Viduara vya wahusika vina utambulisho wa kudumu, ilhali vya magari huandikwa upya kila unapolibadilisha gari lako kuwa umbo jingine, na kwa hiyo usishangae gari likijitokeza kwenye skrini likiwa na umbo ambalo hukulijenga.

Seti ya kuanzia peke yake humaliza hadithi kuu yenye hatua 14, na hiyo ni thamani ya kutosha hata ukikomea hapo, ingawa bei yake ya awali ilikuwa dola 99.99. Kasoro yake ni intaneti. Wahusika walioongezwa baadaye, hasa wa mwaka wa pili ulioanza Septemba 2016, hawamo ndani ya diski na huhitaji kupakuliwa, na upakuaji wenyewe si wa bando dogo. Utoaji wa midoli mipya ulisimamishwa Oktoba 2017, kabla ya mpango wa miaka mitatu kutimia. Kama nyumbani kwako intaneti ni ya kusuasua, nunua seti ya kuanzia na wahusika wa awali tu.

Nafasi ya tatu: Disney Infinity

Midoli ya Disney Infinity ndiyo mizuri kuliko yote kwa sura, na nina hakika wengi wanaoinunua leo wanaiweka kabatini kwa ajili hiyo. Gemu yenyewe, iliyotengenezwa na Avalanche Software ya Salt Lake City, ilitoka Agosti 2013, ikafuatiwa na toleo la Marvel mwaka 2014 na la Star Wars, yaani 3.0, mwaka 2015, kisha Disney ikatangaza Mei 2016 kwamba inaifunga. Sehemu yake bora ni Toy Box, uwanja mpana ambamo mtoto hujijengea dunia yake, na katika toleo la 3.0 wahusika wa matoleo yote matatu huingia humo bila ubaguzi. Huduma ya kubadilishana dunia hizo kwa intaneti ilikwishazimwa, hivyo utacheza ulichojenga wewe au walio nyumbani kwako.

Tatizo liko kwenye hadithi. Kila hadithi hufunguliwa kwa kipande maalumu cha plastiki angavu, na humruhusu mhusika wa dunia yake pekee, hivyo Jack Sparrow hawezi kuwasaidia kina Sulley wa filamu ya Monsters University. Hadithi za toleo la kwanza hazichezwi katika la tatu hata ukiwa na kipande chake. Nunua 3.0 kama unataka Toy Box. Kama unatafuta hadithi, ruka. Kwa mwenye kompyuta, matoleo ya Gold Edition yalitolewa mwaka 2016 yakiwa na wahusika wote bila kudai mdoli hata mmoja.

Nafasi ya nne: Starlink

Starlink: Battle for Atlas ya Ubisoft, ya Oktoba 2018, hutumia vyombo vya angani vinavyopachikwa juu ya pedi, na mabawa na silaha zake hubadilishwa wakati wa mchezo. Kufikia Aprili 2019 kampuni ilikwishatangaza kuwa haitatoa vyombo vipya vya plastiki. Gemu yote huchezwa bila mdoli wowote ukinunua toleo la kupakua, na mwenye Switch hupata pia wahusika wa Star Fox, gemu ya Nintendo. Chombo kizito juu ya pedi huchosha mikono, kwa hiyo hata ukipewa bure kitaishia mezani.

Nafasi ya tano: amiibo

Najua nitabishiwa hapa. Midoli ya amiibo ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Novemba 2014, ndiyo pekee katika orodha hii ambayo ingali hai, inayoendelea kutengenezwa na kusomwa na Switch na Switch 2. Lakini amiibo si gemu. Ni kiungo cha kutia katika gemu uliyokwisha kuinunua, na mara nyingi kiungo hicho ni vazi moja au zawadi chache kwa siku. Katika gemu ya mapigano ya Super Smash Bros. mdoli hujifunza kupigana kwa kukuangalia wewe, na hapo ndipo ninapouona una thamani ya bei yake. Penginepo ni pambo zuri lenye chipu. Ukinunua uliotumika, kumbuka kuwa huhifadhi taarifa za gemu moja tu kwa wakati, nazo lazima zifutwe kabla gemu nyingine haijaandika zake.

Kabla ya kutoa fedha

Mwombe muuzaji awashe mashine, kisha weka kila mdoli juu ya kisahani, mmoja mmoja, bila kuona haya. Kama mashine haipo, simu ya Android yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma chipu kwa kuikaribia, itakuonyesha kama chipu ya amiibo au kiduara cha LEGO bado ina uhai, ingawa peke yake huenda isikwambie ni mhusika gani.

Midoli yenyewe haina mipaka ya nchi, hivyo mzigo uliotoka Uingereza unachanganyika na uliotoka Marekani bila tatizo. Diski za Wii na Wii U zina mipaka: diski ya Marekani haichezi katika mashine ya Ulaya, na kaseti za 3DS ni vivyo hivyo. PS4 na Switch hazina kizuizi hicho. Ikiwa ndugu yako aliyeko Marekani anakutumia Wii au Xbox 360 pamoja na seti nzima, muulize kwanza kilichoandikwa kwenye adapta ya umeme, kwa kuwa nyingi za huko zilitengenezwa kwa volti 120 peke yake, na ukiichomeka kwenye soketi ya volti 230 au 240 itaungua kabla mdoli wa kwanza haujagusa kisahani.