Nikon F90X: spea ya harusini kwa laki mbili na nusu

Oktoba mwaka jana, kwenye ukumbi mmoja wa Mbezi, mkono wa kuvutia mkanda wa Nikon FM2 yangu, kamera ya filamu, ulikwama nusu njia. Maharusi wako mlangoni, MC keshawainua watu vitini, matarumbeta yanalia, nami nimesimama juu ya zulia jekundu nausukuma ule mkono kwa dole gumba. Haurudi, hauendi. Shangazi wa bi harusi, ambaye ndiye aliyenipa kazi, akanisogelea sikioni: "Baba, mbona hupigi?" Nikapiga kwa simu. Lawama ni zangu: asubuhi yake niliiangusha kamera kwenye ngazi za kanisa, nikaipangusa vumbi kwa shati, nikajipa moyo kwamba ni chuma hiki, kitavumilia.

Kwa kawaida harusi napiga kwa dijitali kama wenzangu wote. Ila kila mwaka hujitokeza maharusi wawili watatu wanaotaka na picha za mkanda, zile zenye chenga kidogo na rangi ya albamu za wazazi wao. Hao nawachukulia boksi moja la Portra 400, mikanda 5, picha 180, na mmoja wa HP5 wa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya wazee. Mtu akishalipia mkanda huwezi kumwambia kamera imekwama, chukua za simu.

Nikaanza kutafuta spea. Wazo la kwanza la kila mtu ni kununua FM2 ya pili. Nami nilifikiria hivyo mpaka nilipoona bei zinazotajwa siku hizi, tangu vijana waipende. Jirani alikuwa tayari kuniachia Pentax K1000 yake kwa bei ya kindugu. Ni kamera ngumu, nzuri mno ya kujifunzia, lakini mdomo wake wa kufungia lenzi si wa Nikon. Ningelazimika kubeba lenzi za aina mbili, na siku FM2 ikigoma, lenzi yangu ya 85 ingebaki begini kama abiria aliyekosa basi. Nikaangalia na Nikon F80, nyepesi na bei yake ya chini. Hiyo inakula betri mbili za CR123A, ambazo saa tatu usiku ukiwa Mbezi hupati dukani kwa Mangi. Halafu ukiifunga lenzi ya zamani isiyo na umeme, kipimo chake cha mwanga kinalala kabisa. Nina lenzi ya 28 ya AI-S, ya zamani namna hiyo, ninayopigia picha za ukoo mzima jukwaani. Siiachi.

F90X nimeipata Magomeni, kwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kupigia magazeti. Nilimkuta barazani na redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamera? Kaa kwanza, unywe chai."

Chai ikanywewa, hadithi za viwanja vya mpira zikapita, ndipo akaingia ndani na kutoka na mfuko wa rambo. Nilipoishika kamera, vidole vikaganda. Mlango wa nyuma ulikuwa unanata kama umepakwa utomvu wa fenesi. Mzee akacheka, akasema ndiyo maana vijana wawili waliomtembelea kabla yangu hawakurudi.

Wanaozijua F90X wanalijua hili. Mlango wa nyuma ulipakwa mpira laini ili mkono usiteleze, na baada ya miaka mingi ule mpira huoza na kugeuka gundi. Mtambo ndani hauna habari nao. Mzee alitaka laki tatu na nusu, tukamalizana laki mbili na nusu kwa sababu ya utomvu huo.

Kabla ya kutoa hela nilifungua mlango nikamulika mapazia ya shata kwa tochi ya simu, kuona kama yana alama za mafuta. Yalikuwa makavu. Nikatia betri, nikaisikiliza kuanzia sekunde moja mpaka 1/8000. Nikafunga 50 yangu, nikatazama kama fokasi inakamata ukingo wa mlango na kuacha kuhangaika. Hapo ndipo nilipomaliza chai.

Nyumbani nilikaa nayo jioni nzima na pamba na spiriti. Usiimwagie. Lowesha pamba kidogo tu, sugua mahali padogo, tupa pamba, chukua nyingine. Inatoka masizi meusi yanayong'ang'ania kucha, mke wangu aliniuliza kama nimebadili kazi nimekuwa fundi wa bajaji. Karibu pakiti nzima ya pamba ikaisha. Chini ya huo uchafu kuna plastiki nyeusi inayong'aa, safi kabisa. Inateleza kidogo, sawa, lakini hainati.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni betri. Zinaingia nne za AA, zilezile za saa ya ukutani. Flashi yangu SB-28 nayo inakula nne za AA. Nikibeba nane mfukoni nimebeba akiba ya mitambo yote miwili, na zikiisha namtuma kijana wa ukumbini kwenye kioski chochote. Kwenye FM2 betri ni kwa ajili ya kipimo cha mwanga tu, shata inafanya kazi bila betri. Hii bila betri ni tofali. Kwa hiyo usiiweke begini ukaisahau miezi sita na betri ndani. Zitavuja.

La pili ni lenzi. 35, 50 na 85 zangu zote ni AF-D, za fokasi ya kujiendesha, zina pete ya tundu la kupitishia mwanga, zinahama kutoka FM2 kwenda F90X bila mjadala. Ukiiweka kwenye A, tundu unaliweka kwa ileile pete ya kwenye lenzi na kamera inajitafutia spidi, kwa hiyo mkono haujifunzi kitu kipya. Ukienda kwenye P (kamera inachagua vyote) au S (wewe unachagua spidi) bila kuifunga pete kwenye namba yake kubwa kabisa, kioo cha juu kinaanza kuwakawaka FEE. Mara ya kwanza nilidhani inanidai ada. Na ile 28 ya zamani, isiyo na umeme? Inapima nayo vizuri kwenye A na M (ambapo vyote unachagua mwenyewe), fokasi unazungusha mwenyewe kama kawaida.

Februari niliipeleka kwenye harusi ya kwanza. Nilikusudia ikae begini. FM2 ilikuwa imeshatoka kwa fundi, na kanisani ndiyo iliyofanya kazi yote. Ukumbini hesabu zikageuka.

Kumbi zetu mnazijua. Taa za zambarau, moshi wa mashine, meza kuu inawaka na wageni wako gizani. FM2 haina TTL, yaani haipimi mwanga wa flashi kupitia lenzi, kwa hiyo flashi inapigwa kwa kukadiria au kwa jicho la flashi yenyewe, na kila ukisogea unahesabu upya. F90X inaupima mwanga wa flashi ukiwa unapita ndani ya lenzi, inaukata ukitosha. Tena SB-28 inatupa mwanga mwekundu mbele, kamera ikautumia kukamata fokasi kwenye giza ambalo jicho langu la miaka 47 lilishindwa. Ndafu ilipoletwa na wale vijana wanaocheza nayo begani, nilipiga picha sita mfululizo huku natembea kinyumenyume. Zote sita zina fokasi. Kwa FM2 ningepata moja, labda mbili.

Kuna na suala la shela. Bi harusi wetu ni mweusi mzuri, gauni jeupe linajaza kioo, bwana harusi kavaa suti nyeusi. Kipimo cha FM2 kinatazama zaidi katikati. Gauni likikaa hapo kinadanganywa, kinapunguza mwanga, na uso unatoka kivuli. F90X ina kipimo cha nukta. Naiweka nukta kwenye shavu la bi harusi, nashikilia kipimo, narudisha fremu, napiga. Mkanda wa 400 kamera naiambia ni wa 200, upate mwanga zaidi ili vivuli vishibe. Niliposafisha nyumbani, dawa ikiwa nyuzi 38 kwenye beseni, dakika 3 na sekunde 15, negativu zilitoka nzito na nyuso zina nuru yake.

Mabaya yapo. Ni nzito: mwili mtupu unakaribia robo tatu ya kilo, ongeza betri, lenzi na flashi, na saa sita za send-off utazihisi shingoni. Nukta ya fokasi ni moja tu, katikati, kwa hiyo kila picha ya mtu aliyekaa pembeni unafokasi halafu unahama. Na ina kelele. Mota inavuta mkanda kwa sauti ya cherehani, na wakati wa viapo nilimwona padri akiinua jicho mara mbili, nikarudi kwenye FM2. Kurudisha mkanda ndiyo usiseme. Bahati nzuri hairudishi yenyewe ikifika mwisho. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kwa hiyo mimi nasubiri kwaya ianze.

Ukiiona inauzwa na mgongo wake unanata, usikimbie, punguza bei. Ikiwa mapazia ya shata yana mafuta, hapo kimbia. Na kabla ya harusi piga mkanda mmoja mzima wa majaribio, wenye flashi na usio na flashi, uusafishe uuone. Wangu niliupigia watoto wa mtaani na madirisha ya nyumba ya jirani, na picha ya 31 wameing'ang'ania hao watoto mpaka leo wanataka ikuzwe.

Nimeshapiga harusi tatu nayo. Katika ile ya mwisho, Tegeta, mikanda minne kati ya sita ilipita kwenye F90X. Yule mzee wa Magomeni nilimpelekea picha ya ndafu. Akaigeuza, akaitazama, akauliza ile kamera nyingine naiuza bei gani.