Bima ya bodaboda Malindi: nilizunguka siku tatu, nikalipa 6,067

Mwezi wa Januari bima ya pikipiki yetu ilikwisha siku ya Jumanne, nami sikuwa nimejiandaa. Pikipiki yenyewe ni Boxer. Logibuku, yaani hati ya umiliki, ina jina langu, lakini anayeiendesha ni mdogo wangu, steji yake iko karibu na soko kuu hapa Malindi. Mimi niko Maweni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Pesa ya bima tunachanga, nusu yangu nusu yake, kwa hivyo hata shilingi mia tunaihesabu. Nilimwambia Boxer isitoke uani mpaka nipate bima tunayoiweza. Alinuna, na alikuwa na haki ya kununa, maana asipotoka hapati chakula.

Wakala wa kwanza nilimkuta karibu na kituo cha mafuta, kijana mwenye meza, mwavuli na simu mbili. Bei yake ilinifurahisha: 3,200 kwa mwaka mzima. Tena akaniambia, "Dada, leta nusu sasa, nyingine Ijumaa, stika nakupa leo leo." Nilishafungua M-Pesa. Kilichonizuia ni swali moja nililoagizwa na mdogo wangu: hiyo bima ni ya matumizi gani? Kijana akasema stika ni stika, trafiki akiiona atakupungia mkono upite. Nikamwomba anionyeshe cheti cha mteja mwingine, afunike jina. Kilikuwa kimeandikwa matumizi binafsi.

Hapo nikarudisha simu mkobani, na sababu yake naijua kwa uchungu. Jirani yetu mmoja alikuwa na bima kama hiyo. Alipata ajali barabara ya Mombasa, upande wa Msabaha, amembeba abiria aliyemlipa, na abiria akavunjika paja. Kampuni yake ilipouliza pikipiki ilikuwa na shughuli gani siku ile, ikaambiwa ukweli, ikakataa kulipa: bima uliyonunua ni ya kwenda shambani na kurudi wewe mwenyewe, si ya kubeba watu kwa nauli. Familia ile iliuza kiwanja. Nilikuwepo walipokaa barazani kukubaliana bei na mnunuzi, na mama mwenye nyumba hakusema neno hata moja. Tangu siku hiyo bei ya chini peke yake hainivuti. Ile 3,200 ni bei halali kabisa kwa mwalimu anayeenda shuleni na pikipiki yake. Kwa bodaboda ni karatasi ya kumridhisha trafiki, basi.

Na lile la "nusu sasa, nusu Ijumaa" nalo lina hatari ambayo sikuijua mpaka nilipofafanuliwa baadaye. Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari yako kabla ya kupokea malipo. Wakala akikaa na nusu yako mfukoni akisubiri Ijumaa, na wewe Alhamisi ukamgonga mtu, kampuni haikujui.

Siku ya pili nikaenda kwenye ofisi kubwa, Barabara ya Lamu. Viti vizuri, feni zinazunguka, nikasubiri dakika arobaini. Bima ya mtu wa tatu, inayowalipa watu wengine unaowaumiza au kuwaharibia mali, kwa pikipiki ya abiria, ile wenyewe huiita thadi pati ya PSV, walitaka 6,500 kwa mwaka, na tozo ikafika kama 6,570. Bei sikuilalamikia. Kilichonivunja moyo ni majibu. Niliuliza: tukigonga gari la mtu, kuna kiasi chochote tutakachojilipia wenyewe kwanza? Nikaambiwa hayo yote yamo ndani ya mkataba, nitayasoma nikishalipa. Nikauliza abiria wangapi wanalindwa. Jibu likawa lile lile. Mtu anayeuza mahamri hawezi kumwambia mteja ayaonje akishamaliza kulipa kisha aondoke asirudi. Niliaga kwa heshima, nikatoka.

Jioni hiyo mdogo wangu akaniletea wazo la vijana wa steji: bima ya mwezi mmoja mmoja kwa simu, 750. Wengi wao ndiyo wanayotumia, na sitawalaumu, maana kumtoa mtu elfu sita kwa mkupuo mwezi wa Januari, ada za shule zikigonga mlango, si mchezo. Lakini nilikaa na kalamu. Mara kumi na mbili ni 9,000. Ukilinganisha na bei ya mwaka, unapoteza karibu elfu tatu, na elfu tatu kwetu ni tairi la nyuma. Halafu kuna siku za katikati. Bima inaisha saa sita usiku, wewe huna salio, unasema leo nitoke nikatafute hiyo 750, jioni nilipe. Siku hiyo unaendesha bila bima, na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inalihesabu kuwa kosa la jinai kutumia chombo barabarani bila kinga ya mtu wa tatu. Vijana wawili wa steji yao wamewahi kulala kituoni kwa siku moja ya pengo kama hiyo.

Siku ya tatu ndipo nilipofika mahali nilipolipia. Ni ofisi ndogo ya wakala, ghorofani juu ya duka la vitambaa, upande wa mji wa zamani. Ngazi zake nyembamba na hakuna feni. Mama mwenye ofisi ni mtu wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia na kuniita mwanangu, akanipa maji kabla ya kuniuliza shida yangu. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza: nani anaendesha, na leseni yake ni ya daraja gani? Sikujua. Akanieleza kwamba anayebeba abiria kwa pikipiki anatakiwa awe na A3, kwamba A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na kwamba dereva asiye na leseni inayofaa anaipa kampuni mlango wa kutokea. Nikampigia mdogo wangu papo hapo. Alhamdulillah, yake ni A3.

Kisha akautoa mkataba mtupu, akausoma nami mstari kwa mstari, akitafsiri Kiingereza chake. Abiria ni mmoja tu, kama sheria ya trafiki inavyosema. Ukipakia wawili umeivunja. Kwa mtu aliyeumia au kufariki, sheria imeweka kikomo cha milioni 3 kwa kila mtu. Kwa mali ya watu, mkataba huu una kiasi cha kujilipia: 5,000 za kwanza ni zako. Dereva mwenyewe hayumo, kwa sababu yeye si mtu wa tatu. Akivunjika mguu ni juu ya SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, au bima ya ajali binafsi anunue kando. Pikipiki ikiibiwa pia haimo, hiyo ni bima kamili, na bima kamili kwa Boxer ya miaka sita sikuona maana yake. Mwenye pikipiki ya mkopo hana hiari hapo, anayemkopesha ataidai.

Bei: 6,000. Juu yake tozo mbili, asilimia 0.2 ya mafunzo na 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, jumla shilingi 27, na ushuru wa stempu 40. Nikalipa 6,067 moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya kampuni, si kwenye simu yake yeye, na hilo alilisisitiza mwenyewe. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama iliangukia wiki hiyo, ndiyo maana niliweza.

Nilimuuliza pia habari ya kampuni yenyewe, kama itakuwepo mwakani. Watu wa matatu hawajasahau United Insurance ilivyowekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, wala Blue Shield mwaka 2011. Abiria waliokuwa na kesi walibaki na karatasi za hukumu mikononi. Hakukasirika. Akanifungulia orodha ya kampuni zenye leseni inayotolewa na IRA, mamlaka ya kusimamia bima, akanionyesha jina la kampuni na jina la ofisi yake kwenye orodha ya mawakala. Cheti kikaja kwenye simu yangu kwa njia ya kidijitali, kupitia mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, AKI. Stika za kughushi zilikuwa nyingi mno zamani, na mfumo huu umezipunguzia nafasi, kwa sababu namba ya usajili ikitafutwa humo, bima ya kweli inaonekana.

Kasoro ilikuwepo. Namba ya chesisi kwenye cheti ilikosewa tarakimu moja. Mdogo wangu ndiye aliyeigundua usiku, akiwa na tochi, akilinganisha na ile iliyogongwa kwenye chuma. Nilirudi asubuhi, ofisi imefungwa hadi saa nne kasoro bila tangazo lolote mlangoni. Walirekebisha siku hiyo hiyo, lakini nusu siku nyingine ya kazi ilishapotea. Kwa hiyo nyota moja naiondoa, nawapa nne.

Zile nne zimethibitika Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha, mdogo wangu alikuwa na abiria, bibi mmoja kutoka Ganda, na kwenye kona ya kuingilia sokoni akaparuza tuktuk ubavuni. Taa ikavunjika na bati likakunjika. Bibi alianguka upande, akachubuka goti. Mdogo wangu alimpeleka hospitali ya Malindi kwanza, ndipo akanipigia. Nilimpigia mama wa ofisi saa mbili usiku nikiwa natetemeka, akapokea.

Matengenezo ya tuktuk yalikuwa 3,500. Yalikuwa chini ya zile 5,000, kwa hivyo tulilipa wenyewe, na sikushangaa wala sikugombana na mtu, kwa kuwa mstari ule nilisomewa kabla ya kulipa. Ningekuwa nimenunua Barabara ya Lamu, ningeujua siku ile nikiwa na deni mkononi.

La bibi ndilo mama wa ofisi alilolishikilia zaidi. Mimi niliona goti si kitu, tumempa pole na nauli, yamekwisha. Akasema hapana, mwanangu, nendeni polisi mkapate abstrakti, ile karatasi yao ya kuthibitisha ajali, mlete nakala na karatasi za hospitali, tuiarifu kampuni sasa hivi. Mtu aliyeumia ana miaka 3 ya kwenda mahakamani. Akija mwaka wa pili na wakili, na kampuni haijawahi kusikia ajali hiyo, mtajibu nyinyi, na wewe kwanza, kwa sababu logibuku ni yako. Fomu aliijaza yeye, mdogo wangu akaweka sahihi. Bibi tumeendelea kumjulia hali. Goti limepona na huwa anamtafuta mdogo wangu huyo huyo ampeleke sokoni.

Ukitaka kwenda kwa mama huyo wa ofisi, chukua logibuku, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na nakala ya leseni ya anayeendesha. Ijumaa nenda kabla ya saa sita, maana wakifunga kwa sala hufungua saa tisa. Na cheti kikishaingia kwenye simu, usishuke ngazi: nenda dirishani penye mwanga, soma namba ya usajili, ya chesisi na neno la matumizi, ukiwa bado uko mbele yake.