Process Monitor: chombo cha kumpata anayeishughulisha diski wakati kompyuta imetulia

Kwa wiki kadhaa kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na tabia iliyoninyima utulivu. Kila nilipoiacha bila kuigusa kwa muda, programu zote zikiwa zimefungwa, taa ndogo ya diski ilianza kumetameta mfululizo, na diski yenyewe, ambayo ni ya aina ya zamani yenye sahani zinazozunguka, ikatoa mkwaruzo wa vichwa vinavyohama huku na huko. Nilipokigusa kipanya ili nitazame kinachoendelea, kimya kilirejea ndani ya sekunde chache. Nilihofia mambo mawili: ama diski inakaribia kuharibika, ama kuna programu isiyo na nia njema inayosoma mafaili yangu nisipokuwapo. Chombo kilichonipa jibu ni Process Monitor, na tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu, yaani kumtafuta anayeishughulisha diski wakati ambapo hakuna mtu anayeitumia kompyuta.

Process Monitor ni programu ya bure katika mkusanyiko wa Sysinternals, ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Ilichukua nafasi ya programu mbili zilizoitangulia, Filemon iliyofuatilia mafaili na Regmon iliyofuatilia rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu. Haihitaji kusakinishwa: unaipakua, unafungua kifurushi chake, kisha unaiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Lazima nikiri kwamba sikuanza nayo, na sidhani kama mtu yeyote anapaswa kuanza nayo. Windows tayari ina Resource Monitor, ambayo katika ukurasa wake wa diski huorodhesha kila mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, unaosoma au kuandika, jina la faili linalohusika, kasi yake kwa sekunde na muda ambao diski inachukua kujibu. Ni chombo kizuri na chepesi, na kwa matatizo mengi kinatosha. Kwangu kilitaja wahusika watatu: SearchIndexer.exe, ambayo hutengeneza faharasa ya utafutaji, MsMpEng.exe, ambayo ni kinga ya virusi ya Windows, na mchakato uitwao System wenye namba 4. Watu wengi hukomea hapa, wakazima huduma ya faharasa na kuona kwamba kazi imekwisha. Mimi pia nilikaribia kufanya hivyo, lakini swali moja lilinizuia: faharasa hutengenezwa kwa ajili ya mafaili mapya au yaliyobadilika, sasa ni faili gani linalobadilika usiku kucha katika kompyuta isiyoguswa na mtu?

Huyo System naye anahitaji maelezo, kwa sababu huwapotosha wengi. Programu inapoandika kwenye faili, kwa kawaida data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Windows huipokea na kuiweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha sehemu ya kiini cha mfumo huipeleka kwenye diski kidogokidogo baadaye. Kwa hiyo anayeonekana akiandika ni System, ilhali mwenye data ni mwingine kabisa, na huenda alikwisha kunyamaza data hiyo ilipofika kwenye sahani. Chombo kinachoonyesha tu nani anaishughulisha diski sasa hivi hakiwezi kukuambia nani alianzisha shughuli hiyo. Hapo ndipo Process Monitor inapokipita kila chombo kingine nilichokijaribu: haikupi jumla peke yake, bali mfuatano wa matukio yote, kila moja likiwa na saa yake, jina la mchakato, kitendo, njia ya faili, matokeo na maelezo ya ziada.

Uwezo huo una gharama, na gharama hiyo huonekana mara tu unapoifungua. Kompyuta inayodhaniwa kuwa imelala huzalisha maelfu ya matukio kwa muda mfupi, mengi yakiwa ya rejista ambayo hayana uhusiano na mkwaruzo unaousikia. Orodha hukimbia kwa kasi isiyosomeka. Jambo la kwanza la kufanya ni kusimamisha unasaji kwa kubonyeza Ctrl na E, kufuta kilichokwisha kunaswa kwa Ctrl na X, kisha kutumia vitufe vya juu kuzima makundi ya rejista, mtandao na michakato, ukabakiza kundi la mafaili pekee. Baada ya hapo fungua vichujio, yaani kanuni zinazoamua ni matukio gani yaonyeshwe, kwa Ctrl na L, na hapa naomba msomaji awe makini sana. Programu hii huja na vichujio vilivyokwisha kuwekwa, ambavyo huficha shughuli zake yenyewe, shughuli za mchakato wa System, faili la pagefile.sys ambalo Windows huhamishia data kutoka kwenye kumbukumbu, na mafaili ya ndani ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, kama vile $Mft. Kwa anayechunguza kasoro ya programu moja, ufichaji huo ni msaada mkubwa. Kwa anayechunguza diski inayofanya kazi bila sababu, ni mtego, maana huenda akaambiwa kwamba hakuna kinachoendelea huku taa ikiwaka mbele ya macho yake. Nadhani watengenezaji wangepaswa kuonyesha wazi kwenye dirisha kuu kwamba mchakato wa System umefichwa, badala ya kumwachia mtumiaji aligundue jambo hilo mwenyewe.

Ugumu wa pili unatokana na asili ya tatizo lenyewe. Kazi nyingi za Windows zimepangwa kufanyika mtu anapoondoka. Kipanga kazi cha Windows hukagua kila baada ya dakika 15 kama kompyuta imetulia. Matengenezo ya kiotomatiki huanza katika vipindi vya aina hiyo na kusimama mtumiaji anaporudi. Nayo huduma ya faharasa hupunguza kasi yake inapoona kipanya au kibodi vinatumika. Ndiyo maana kila nilipokwenda kutazama nilikuta kimya. Kwa tatizo la namna hii, chombo cha kutazama moja kwa moja hakifai; unahitaji kinachorekodi ukiwa mbali, na Process Monitor hufanya hivyo vizuri.

Hata hivyo kuna maandalizi ambayo usiyapuuze. Kwa kawaida programu hii huhifadhi matukio katika kumbukumbu pepe, jambo ambalo kwa rekodi ndefu huibana kompyuta na linaweza kuilazimisha ihamishie data kwenye faili la pagefile.sys, yaani kwenye diski ileile unayoichunguza. Niliiagiza iandike rekodi yake katika faili lililo kwenye diski nyingine, iliyounganishwa kwa waya wa USB, ili kinasa chenyewe kisiwe chanzo kipya cha kelele. Pia niliwasha chaguo la kutupa matukio yasiyopita kwenye kichujio, kwa sababu bila chaguo hilo rekodi hubeba kila kitu, hata kile usichokiona. Ukiliwasha, fahamu kwamba kilichotupwa hakirudi. Kwa hiyo usibane vichujio mno katika rekodi ya kwanza. Niliiacha kompyuta kwa dakika 40, nikairudia, nikasimamisha unasaji.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niiheshimu programu hii. Katika menyu ya zana kuna muhtasari uitwao File Summary, unaohesabu kwa kila faili idadi ya mara lilipofunguliwa, kusomwa na kuandikwa, pamoja na ukubwa wa data kwa baiti. Nilipoupanga kwa wingi wa data iliyoandikwa, juu kabisa alikaa Windows.edb, hifadhidata ya faharasa, kama Resource Monitor ilivyokwisha kunionyesha. Lakini nilipoupanga kwa idadi ya mara faili lilipofunguliwa, lilijitokeza faili dogo la logi, yaani la kumbukumbu za matukio ya programu, katika folda yangu ya nyaraka, ambalo sikuwahi kulitengeneza. Niliweka kichujio cha njia ya faili hilo pekee, na hadithi nzima ikajipanga mstari kwa mstari. Programu ndogo ya kusimamia printa, iliyoingia pamoja na kiendeshi chake (programu inayoiwezesha Windows kuitumia printa), ilikuwa ikilifungua faili hilo kila baada ya sekunde chache, kuongeza mstari mmoja kwamba printa haipatikani, na kulifunga. Papo hapo kinga ya virusi ililisoma faili kwa sababu limebadilika. Kisha huduma ya faharasa nayo ikalisoma kupitia SearchProtocolHost.exe na kuibadilisha hifadhidata yake. Mstari mmoja wa maandishi uliwaamsha watumishi wawili waaminifu wa mfumo, nao kwa pamoja wakaandika data nyingi kuliko mwanzilishi kwa kiasi kisichoweza kulinganishwa.

Kama ningeizima huduma ya faharasa, kelele ingepungua, utafutaji wangu ungekuwa wa polepole, na programu ya printa ingeendelea kuandika. Ninachotaka kusisitiza kuhusu thamani ya chombo hiki ni hicho hasa: katika diski isiyotulia, mwenye kazi nyingi mara nyingi si aliyeianzisha kazi, na bila kuona mpangilio wa matukio kwa wakati huwezi kuwatofautisha. Niliiondoa programu hiyo ya usimamizi na kubakiza kiendeshi tupu, na printa inachapisha kama kawaida.

Ni wajibu kueleza pia pale ambapo Process Monitor haifiki. Inasimama kati ya programu na mfumo wa mafaili, kwa hiyo inachorekodi ni maombi, wala si mwendo wa diski. Programu inaweza kusoma faili lilelile mara elfu moja bila diski kuguswa, kwa kuwa data inatoka katika kumbukumbu ya muda. Ili usimlaumu asiye na kosa, soma safu ya maelezo na utafute maneno Non-cached au Paging I/O, ambayo huashiria maombi yaliyoipita kumbukumbu hiyo na kuelekea kwenye diski yenyewe. Maelezo haya yamo ndani ya programu, lakini hakuna popote kwenye dirisha panapomfundisha mgeni umuhimu wake. Vilevile, mchakato unapoitwa svchost.exe, ambao hubeba huduma za Windows, jina peke yake halikusaidii. Inabidi uongeze safu ya amri iliyouanzisha mchakato ili uone ni huduma gani imo ndani yake. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, huduma nyingi hupewa kila moja mchakato wake iwapo kompyuta ina kumbukumbu ya zaidi ya GB 3.5, na hilo limerahisisha kazi sana.

Chini ya mfumo wa mafaili, programu hii haioni chochote. Diski za sahani zina kazi zao za ndani, kama vile kujikagua na kuviegesha vichwa, na diski za SSD, zisizo na sahani, hupanga upya data zao bila kuiarifu Windows. Ukisikia mkwaruzo au mgongano ilhali Resource Monitor inaonyesha shughuli ndogo mno, acha kutafuta programu ya kulaumu na usome taarifa za S.M.A.R.T. za diski hiyo, yaani rekodi ambazo diski huweka kuhusu afya yake, hususan namba 5 inayohesabu sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa na namba 197 inayohesabu sekta zinazosubiri kuamuliwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, nakili mafaili yako kwenye diski nyingine kabla ya uchunguzi wowote, kwa kuwa kuirekodi diski inayokufa ni kuiongezea mzigo. Kwangu zote mbili zilikuwa 0, na hapo hofu yangu ya kwanza ikaisha.

Kwa sura, Process Monitor haijabadilika sana tangu ilipotoka: maandishi madogo, vitufe visivyo na majina mpaka uvielekezee kipanya, na vichujio vinavyodumu hadi utakapoifungua tena, hivyo wiki ijayo unaweza kusoma rekodi mpya kwa kichujio ulichokisahau. Jizoeze kurejesha vichujio vya mwanzo kabla ya kila uchunguzi. Simshauri mtu anayetaka tu kujua kama kompyuta inasasishwa aipakue. Resource Monitor itamjibu ndani ya dakika moja. Ninamshauri yule ambaye amekwisha kuliona jina la mtuhumiwa, akalitilia shaka, na yuko tayari kutenga saa moja ya kusoma mistari kwa subira.

Baada ya kuiondoa programu ya printa nilirekodi tena kwa muda uleule na kwa vichujio vilevile. Faili la logi halikuonekana kabisa. Windows.edb iliguswa mara chache mwanzoni na kunyamaza, kisha, baada ya utulivu mrefu, yakaanza matengenezo ya kiotomatiki ambayo nimeyaacha yaendelee.