Kozi ya ugavi mjini Arua: hesabu za majeshi ya kale kwa watu wa malori na maghala

Kozi fupi ya ugavi inayotolewa mwishoni mwa wiki mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, imewalenga watunza ghala, madereva wa malori na maofisa wa misaada wanaopeleka shehena Koboko, Yumbe na ng'ambo ya mpaka wa Vurra, upande wa Kongo, na hufundishwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayowakutanisha watu hao wote. Tofauti yake na kozi nyingine ni kwamba haianzi na fomu wala programu za kompyuta, bali na swali lililowasumbua majemadari wa kale: mnyama anayebeba chakula cha askari, yeye atakula nini?

Swali hilo ndilo roho ya kozi nzima, na mwalimu alilifanyia hesabu ubaoni bila haraka. Kutokana na maelezo ya Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, askari wa miguu wa Roma alipewa ngano inayokadiriwa kuwa kilo 27 kwa mwezi, yaani pungufu kidogo ya kilo moja kwa siku. Hivyo kikosi cha watu 5,000 kilimaliza takribani tani nne na nusu kila kukicha, mbali na shayiri ya farasi. Nyumbu wa mizigo tukimpakia kilo 110, na njiani pasiwe na malisho, atahitaji karibu kilo 9 za nafaka na majani makavu kwa siku, kwa hiyo kwenye siku ya 12 atakuwa ameula mzigo wote yeye mwenyewe, na ikiwa anatakiwa kurudi alikotoka, hata siku 6 za mwendo hazifiki kabla safari haijapoteza maana. Kuongeza nyumbu hakuondoi tatizo, maana kila anayeongezwa huja na tumbo lake. Dereva mmoja wa njia ya Juba alitambua papo hapo kwamba mapipa ya dizeli anayoyapakia pamoja na unga yanamtoza kwa hesabu ileile, na mjadala uliofuata ulikuwa bora kuliko sehemu nyingine yoyote ya kozi.

Majibu ya watu wa kale yalielezwa vizuri. Philip, mfalme wa Makedonia na baba yake Alexander, kama anavyosimulia mwandishi wa Kirumi Frontinus, alipiga marufuku magari ya kukokotwa, akaruhusu mtumishi mmoja tu kwa kila askari kumi wa miguu, na akawabebesha askari wenyewe unga wa siku 30. Xerxes, mfalme wa Uajemi, kabla ya kuivamia Ugiriki mwaka 480 KK, alitanguliza nafaka katika maghala kadhaa ya Thrace na Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, mengi yakiwa pwani, ambako meli zingeweza kuyafikia. Mwalimu alisisitiza jambo la meli, na alikuwa na haki: upepo hauli shayiri.

Kasoro kubwa ni maji, ambayo yaliachiwa muda mfupi mno jioni, watu wakiwa wamechoka. Haifai. Mtu anaweza kupunguziwa chakula kwa siku kadhaa akaendelea kutembea, lakini farasi hunywa lita 30 au zaidi kwa siku, na lita moja ya maji ni kilo nzima mgongoni. Cambyses, mfalme mwingine wa Uajemi, alipoelekea Misri mwaka 525 KK, aliweza kuvuka jangwa kwa sababu mfalme wa Waarabu alimpelekea ngamia waliobeba viriba vya maji. Alexander alipopita jangwa la Gedrosia, kusini mwa Iran na Pakistan za leo, mwaka 325 KK, merikebu za amiri wake Nearchus, zilizotakiwa kwenda sambamba na jeshi pwani, zilicheleweshwa na pepo za msimu, na maelfu ya wafuasi wa jeshi wakaangamia kwa kiu, njaa na mafuriko ya ghafla ya usiku. Mifano hiyo miwili ikiwekwa pamoja ingetosha somo la asubuhi nzima, hasa kwa watu wanaopeleka maji kwa malori kwenye makambi ya wakimbizi.

Ada ni shilingi 150,000 za Uganda, pamoja na kijitabu na chakula cha mchana cha posho (ugali) na maharage. Kwa anayelipiwa na mwajiri ni bei nzuri. Kwa dereva anayejilipia ni nzito, na waandaaji wangefikiria kumruhusu alipe kwa awamu. Kijitabu kina hesabu zote lakini hakina ramani hata moja, kwa hiyo anayejiandikisha aje na yake, yenye mito na visima.