Miezi saba ya kumpeleka baba kusafishwa damu Mtwara

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tunatoka Mikindani saa kumi na moja alfajiri kwa bajaji ya jirani, ili saa kumi na mbili na nusu baba awe kitandani, mashine imsafishe damu, maana figo zake zimefeli. Miezi saba sasa. Jina la kituo naliacha, maana nina sifa na nina lawama, na ninachotaka ni mwenye mgonjwa ajue cha kuangalia.

Naanza na mizani. Pale hapandi mtu kitandani kabla ya kupimwa uzito, na akishuka anapimwa tena. Baba hapati mkojo siku hizi, kwa hiyo kila kilo iliyoongezeka ni lita moja ya maji iliyobaki mwilini. Wiki ya pili tu, nesi alisoma mizani akamgeukia.

"Baba, kilo tatu na nusu hizi umezitoa wapi?"

"Dafu, mwanangu. Joto hili."

"Moja?"

Baba akanyamaza. Yule dada hakufoka. Alivuta stuli, akaketi, akamweleza kwamba dafu lina potasiamu nyingi, na figo zikishafeli haina pa kutokea. Ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Akanyanyua chupa ya maji ya nusu lita: hii ndiyo ya kutwa nzima, chai na mchuzi humo humo. Kisamvu kichemshwe, maji yamwagwe, ndipo kiungwe. Kumwambia mzee aliyekulia chini ya minazi aachane na madafu ni kazi, naye aliifanya bila kumvunjia heshima.

Kabla ya sindano huweka vidole kwenye fistula mkononi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, kisha huchukua vidole vya baba na kuviweka pale pale, ausikie mtetemo. Kila asubuhi nyumbani baba anajipapasa kabla hajatia udhu. Ukikoma, tumeambiwa, tusingoje siku ya zamu.

Bima yake wanaipokea bila usumbufu. Chumba kina baridi ya kiyoyozi, bebeni shuka zito.

Sasa lawama. Jumanne moja tulikuta wagonjwa wamejaa barazani: mtambo wa kuchuja maji umeharibika, rudini kesho mchana. Kuharibika naelewa. Saa nne za mashine zinakula kama lita 120 za maji safi, bila mtambo huo hakuna kazi. Lakini namba zetu wanazo, na hakuna aliyepiga simu.

Na ilikuwa Jumanne, siku mbaya kuliko zote. Mimi nafundisha biolojia, jambo hili nilishalisoma. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 32,000 wa Marekani, wanaosafishwa mara tatu kwa wiki kama baba. Siku inayofuata lile pengo refu la siku mbili bila mashine, kwa baba Jumapili na Jumatatu, vifo vilikuwa 22.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, yaani kama wagonjwa 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja. Siku nyingine 18.0. Maji na sumu vinakuwa vimejikusanya, moyo ndio unaobeba. Pengo la baba wakaliongeza siku nzima. Usiku ule alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, anahema kama aliyetoka kukimbia, nami nimeshika mkono wake hadi adhana ya alfajiri. Jumatano walimtoa lita nne, taratibu, presha wakiipima kila mara.

Nilimweleza msimamizi yote hayo. Aliomba radhi, akaandika kwenye daftari namba yangu na ya jirani mwenye bajaji, akaniahidi kwamba mtambo ukigoma, wanaotoka kwenye pengo refu ndio watakaopigiwa kwanza na kutafutiwa nafasi kwanza.

Tangu hapo mtambo haujagoma. Kwa mizani ile na kwa yule dada, baba simhamishi. Natoa nyota nne; ya tano naishikilia mpaka siku simu itakapoita.