Quest 2 ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu: uzoefu wangu

Quest 2 ni miwani ya VR (uhalisia pepe) ya kampuni ya Meta, inayokuweka ndani ya gemu. Kila kinachouzwa kwa jina la VR nakipima hivi. Vaa, tafuta kitu kilicho karibu ndani ya gemu, kisha sogeza kichwa pembeni kama anayechungulia nyuma ya nguzo. Ukiona ubavu wa kitu hicho, hiyo ni VR. Kikikufuata kama picha iliyobandikwa usoni, umeuziwa kasha la kutilia simu. Kasha hilo linajua umegeuza kichwa, halijui umepiga hatua. Mwili unasogea, macho yanakataa, na hapo ndipo kichefuchefu kinapoanzia.

Quest 2 inafaulu. Ina kamera 4 zinazosoma chumba, na kila jicho linapata nukta 1832 kwa 1920. Weka picha 90 kwa sekunde. Lenzi zina nafasi 3 tu za kulingana na umbali kati ya mboni za macho yako: milimita 58, 63 na 68. Ukikosea hapo utalalamikia ukungu bure.

Sasa nyumba zetu. Gemu za kutembea zinataka mita 2 kwa 2 zisizo na kitu. Vyumba vyetu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi haufiki mita 3, kwa hiyo nafasi ipo ila ya kubana. Ondoa viti vyote. Tatizo kubwa zaidi ni chokaa. Kamera hushika alama za ukutani, na ukuta mweupe mtupu hauna alama, basi picha huanza kuelea. Upande wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, husomeka vizuri. Kama huna, tundika leso ya maua, lakini mbali na feni, maana ikipepea inazichanganya kamera.

Kwa gemu za kompyuta zinazorushwa kwenye Quest 2 bila waya, tumia Wi-Fi ya gigahezi 5. Ukuta mnene wa matumbawe huimeza, hivyo ruta ikae chumba hichohicho, na kompyuta iunganishwe nayo kwa waya.

Usiiache Quest 2 darini juani hata kidogo: lenzi hukusanya mwale na kuchoma skrini, wala haiponi. Sifongo ya usoni hunywa jasho, nunua kifuniko cha silikoni. Lenzi futa kwa kitambaa laini kikavu, spiriti usiguse.

Ina gramu 503, karibu zote mbele, na mkanda wake wa kitambaa ni dhaifu. Betri hukaa saa 2 hadi 3. Umeme ukikatika gemu zilizomo ndani yake zinaendelea. Za kompyuta zinazimika pamoja na ruta.